Chupa za Weusi, Chupa za Weupe

Yasiri hakuwahi kumwamini mtu anayefunika chupa. Kwa akili yake, vitu vinavyofunikwa duniani ni viwili tu, chakula na wizi, na kwenye nyumba ya panya wa utafiti alikofanya kazi hapakuwa na chakula cha kukingwa nzi. Lakini kila baada ya siku mbili chupa zilitoka chumbani kwa Daktari Candia zimevishwa foili kutoka shingoni hadi kitakoni, zinang'aa kama meno ya tajiri. Yasiri alitakiwa avae glavu, avae barakoa, azitundike moja moja kwenye vizimba, chuchu ya chuma ikielekea ndani, kisha akusanye zile za juzi. Siku ya kwanza aliuliza kwa nini zimefunikwa. Akajibiwa kwamba mwanga unaiharibu kemikali iliyomo. Moyoni akasema, kemikali gani hii inayoogopa mchana?

Nyumba hiyo ilikuwa nje kidogo ya Arua, njia ya kwenda Vurra, ndani ya kituo cha utafiti chenye ukuta mrefu na mlinzi mwenye usingizi. Upande wa mlango walikaa panya weusi wenye matumbo meupe. Upande wa dirisha walikaa panya weupe pepepe, wenye macho mekundu. Wote walinyweshwa maji yenye ile kemikali miezi minane, wakapumzishwa kwa maji matupu miezi mingine, kisha wakalazwa kwa dawa na kupasuliwa. Weusi wengi walikutwa na uvimbe wa saratani tumboni. Weupe wengi walikutwa salama. Maji yale yale, miezi ile ile. Daktari Candia alikuwa ameijenga kazi yake yote juu ya swali moja: kwa nini?

Yasiri alikuwa na jibu tangu wiki ya kwanza.

"Hata huku kwa panya," alimwambia mwenzake Ocokoru, "mweusi ndiyo anapewa sumu kali."

Ocokoru alikuwa ameosha vizimba pale miaka sita na alicheka kila kitu, pamoja na misiba yake mwenyewe. Alicheka mpaka maranda ya kutandikia vizimba yakamponyoka mikononi. "Afande, panya haina kabila," akasema. Alimwita Afande kwa sababu baba yake Yasiri alikuwa askari. "Hawa weupe walikuja na ndege. Hawa weusi pia walikuja na ndege. Mimi na wewe tu ndiyo hatujapanda ndege hapa."

Lakini Yasiri hakucheka. Hakuja pale kucheka.

Mke wake, Night Poni, alikuwa amekufa kwa tumbo mwaka mmoja kabla ya hapo, kule kwao Ludara. Miaka miwili mizima alipanda na kushuka njia ya kituo cha afya, na kila aliporudi alikuwa na vidonge vile vile vyeupe vya kutafuna kama chaki. Vidonda vya tumbo, alisema yule mtu wa dawa, bila hata kumbonyeza kwa kidole. Punguza pilipili. Punguza mawazo. Mwanamke alipunguza pilipili, akapunguza mawazo, akapungua na yeye mwenyewe, mpaka kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili. Walipomfikisha Arua, waliompasua walimfunga tena bila kutoa kitu.

Kwao, kabla maiti haijashuka kaburini, mtu wa nyumba husimama akaeleza marehemu aliugua nini, tangu lini, nani alimtibu. Watu huyasubiri maelezo hayo kuliko hata chakula. Kinachosemwa pale ndicho kinachobaki. Hakuna anayerudi mwaka wa pili kukibadilisha. Yasiri alisimama. Hakuwa msemaji. Shule aliishia darasa la nne, na Kiswahili chake alikiokota kambini kwa askari wa baba yake, kati ya amri na matusi. Siku ile, hata hivyo, maneno hayakumpotea. Alimtaja yule mtu wa dawa kwa jina. Akawataja wakubwa wake, wanaokunywa mafuta ya gari la wagonjwa. Akasema mke wake hakufa kwa ugonjwa, amekufa kwa watu. Shemeji zake, ndugu za Poni kutoka Kuluba, waliinamisha vichwa wote kwa pamoja, na Natale, mkubwa wao, akamshika bega alipokuwa anakaa.

Baada ya hapo Ludara haikumkalika. Akiingia nyumbani anatoka, akishika jembe anaweka. Mwishowe akaja Arua akafyeka nyasi za kile kituo, na huko kwenye nyasi akasikia kwamba ndani mna panya wanaopewa ugonjwa wa tumbo makusudi. Akaomba ahamishiwe ndani. Alitaka mawili: kukiona kwa macho kitu kilichomla Poni, na kuwakamata wakubwa mikono ikiwa bado ndani ya chungu.

La kwanza alilipata mapema. Daktari Candia alimwita atazame. Tumbo la panya ni kitu kidogo, halifiki ukubwa wa ndizi ya sukari. Lilikuwa limepasuliwa upande, likasuuzwa kwa maji ya chumvi, likatandazwa kwa pini juu ya kibao. Kwenye mlango wa chini, pale chakula kinapotokea kwenda utumboni, kulikuwa na kitu kama punje ya mahindi iliyooza. Poni naye walisema ilikuwa pale pale. Yasiri alitoka akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji mpaka barakoa ikalowa.

Daktari Candia alikuwa mwanamke mfupi wa hapo hapo Arua, anayesema na wafanyakazi wake kama mtu anavyosema na wakwe, kwa adabu na kwa mbali kidogo. Alimweleza kwamba tofauti ya panya hawa haiko kwenye maji, iko kwenye walichozaliwa nacho. "Kemikali inabisha hodi kwa wote," alisema. "Kuna damu inayofungua mlango, kuna damu inayoukaza." Yasiri akaitikia ndiyo Daktari, na hakuamini hata nusu ya neno. Ikiwa ni damu, basi hakuna mwenye kosa. Ikiwa ni damu, yule mtu wa dawa analala usingizi mzuri. Wimbo huo aliujua. Wakubwa wakiharibu husema ni Mungu. Wakiona haya kumtaja Mungu, husema ni damu.

Halafu akauona utepe. Chupa za weusi zilifungwa utepe mweusi shingoni, chupa za weupe utepe mweupe. Kama maji ni yale yale, utepe wa nini? Daktari alisema ni kwa ajili ya kupima kila upande umekunywa kiasi gani. Yasiri akaona hapo ndipo mkia wa nyoka ulipochungulia.

Kundi jipya lilipofika, na safari hii likiwa na safu ya tatu, panya wa rangi ya majivu waliozaliwa na mama weusi na baba weupe, alikuwa ameshaamua. Siku ya kwanza ya maji ya dawa alingoja Ocokoru atoke kumwaga maranda. Akachukua chupa za utepe mweusi akawatundikia weupe. Za utepe mweupe akawatundikia weusi. Zikishatundikwa, shingo zilizama kwenye waya na utepe haukuonekana. Wale wa majivu hakuwagusa. Kesho kutwa, alipozikusanya, alizirudisha kwenye kreti zake kana kwamba hakuna lililotokea.

Akafanya hivyo miezi minane. Alifanya akiwa amefunga Ramadhani. Alifanya akiwa na malaria, meno yakigongana, kwa kuogopa asije mtu mwingine akazitundika inavyotakiwa. Usiku alipinduka kitandani kama chapati. Mchana kila mlango ukifunguka nyuma yake alidhani ni Daktari amemgundua. Lakini alivumilia, maana alijua mwisho wake: siku ya kupasua, weupe ndio watakaokutwa na uvimbe, na yeye atakwenda moja kwa moja kwenye redio hapo mjini, atasema walivyo. Alishapanga mpaka shati atakalovaa, ingawa redioni mtu haonekani.

Miezi minane ikaisha, miezi ya maji matupu nayo ikapita, na zikabaki siku chache. Ijumaa, akiwa anatoka msikitini, Sadiya akampigia simu.

Sadiya alikuwa mtoto wake wa pekee, fundi wa nguo sokoni Koboko, msichana anayeweza kugombana na mteja nusu saa kwa sababu ya upindo. Aliongea mengi kuhusu umeme na bei ya zipu kabla hajafika alikokuwa anakwenda. Tumbo lilikuwa linamwaka, miezi mitatu sasa. Alikuwa amekwenda kwa daktari mmoja hapo mjini, naye amemwandikia barua ya kwenda Arua, hospitali kubwa, akameze kamera ya kutazama tumbo. Siku yake ilikuwa Alhamisi ijayo.

Yasiri alisimama katikati ya barabara mpaka boda ikampigia honi. Alimwambia asiende. Alimwambia mama yake aliingia kule kwa miguu akatoka kwa machela, na kwamba yeye baba yake atamletea mizizi ya mzee mmoja wa Abuku anayejua matumbo. Alimwambia hao ni wale wale. Upande wa pili palikuwa na mlio wa cherehani, ukasimama.

"Sawa, Baba," Sadiya akasema.

Angebisha ingekuwa nafuu. Ile sawa ilimfuata nyumbani, ikakaa naye kwenye ugali, ikamwamsha alfajiri ya Jumamosi na ya Jumapili.

Jumatatu walipasuliwa wale wa majivu, mlango umefungwa. Jumanne ikawa zamu ya weupe na weusi. Yasiri aliomba abebe sinia. Kabla ya kazi alikuwa ameuzunguka ukuta mara tatu, mpaka mlinzi akaamka kumuuliza amepoteza nini.

Wa kwanza alikuwa mweupe. Daktari Candia alipasua, akasuuza, akatandaza. Safi, laini kama ndani ya mdomo wa mtoto. Yasiri akajiambia mmoja si kitu. Wa pili safi. Wa tatu alikuwa na uvimbe, na Yasiri akasogea mezani. Lakini wa nne akawa safi, na wa tano, na wa sita. Wakaingia weusi. Uvimbe. Uvimbe. Safi. Uvimbe, na huu mkubwa, umeziba mlango kabisa. Kufika saa tisa, weusi ishirini walikuwa wamelala mezani na kumi na watano kati yao wana ile punje iliyooza. Weupe ishirini, watatu tu.

Yasiri akaweka sinia chini. Daktari Candia akamtazama, akamuuliza kama ameugua.

"Daktari," Yasiri akasema, "mimi nilibadilisha chupa."

"Chupa gani?"

"Zote. Za utepe mweusi niliwapa weupe, za utepe mweupe niliwapa weusi. Tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Mimi nilijua munawapa weusi sumu kali."

Kwenye sinki Ocokoru akafunga bomba. Kwa mara ya kwanza tangu Yasiri amfahamu, hakuwa na cha kucheka.

Daktari alivua glavu zake kidole baada ya kidole. Yasiri alingoja matusi, kwa sababu matusi alijua kuyajibu. Badala yake mwanamke alimwambia amfuate, akamfungulia kile chumba alichokuwa haruhusiwi kuingia, akamwonyesha. Palikuwa na pipa moja, limefungwa foili nalo, lenye bomba moja chini. Chupa tupu za tepe zote zilikuwa zimepangwa mbele yake kama watoto wanaongoja uji.

"Pipa ni hili moja, Mzee. Ungezibadilisha mpaka kiama, maji ni yale yale. Ulichoniharibia ni vitabu vya nani amekunywa kiasi gani. Nitaliandika hilo, na jina lako litakuwemo, na sijui wakubwa wangu watasema nini." Akakaa kwenye kiti, akasugua macho. "Lakini miezi yote hiyo, asubuhi tunasalimiana, ulikuwa unaniona mimi ni mtu wa namna hiyo?"

Lililomshangaza Yasiri ni kwamba Daktari naye ana wakubwa, na anawaogopa. Lakini hata hilo hakulikalia sana, kwa sababu macho yake yalikuwa yamesharudi kwenye ile safu ya mbele ya pipa. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyotundika zile chupa. Hakuna mkubwa aliyezigusa baada yake. Na ugonjwa ulikuwa umewafuata weusi vile vile, kama mbwa anayejua kwao.

"Na wale wa majivu?" akauliza.

"Tuliowapasua jana, wengi ni wazima. Wamefuata upande wa baba."

"Wengi."

"Wengi. Si wote. Na mtu si panya, Mzee, usije ukaondoka hapa na jambo ambalo sikulisema. Kwa nini unauliza?"

Akamweleza. Akasema yote kwa pumzi moja, Poni, Sadiya, barua, Alhamisi, mizizi ya Abuku. Daktari Candia alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza neno moja tu. Mama yake Poni alikufa kwa ugonjwa gani?

Yasiri akasema hajui. Miaka ishirini na mitano ya ndoa. Aliwahi kuambiwa kwamba mama mkwe alirogwa, na akatosheka, maana nani huwauliza wakwe jambo moja mara mbili?

Jumatano alfajiri alikuwa njiani. Hakupitia Ludara, hakupitia hata Koboko mjini kwa mtoto wake. Alikwenda moja kwa moja Kuluba, akamkuta Natale uani amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo, mkeka mpya umetandikwa, ua umefagiwa mpaka unang'aa. Siku ya Jumamosi walikuwa wanakuja watu kumposa binti yake, Margarita. Natale alifurahi kumwona, akaagiza chai. Yasiri hakukaa.

"Shemeji, mama yenu alikufa na nini?"

Kisu kikaendelea na muhogo. "Si tulikuambia. Watu walimroga."

"Walimroga wapi? Mguu? Kichwa?"

Natale akalitupa ganda mbali, kuku wakalikimbilia. Alitazama jikoni, kulikokuwa na sauti za wanawake, akashusha yake. "Tumbo," akasema. "Na dada yake mkubwa, tumbo. Na yule mudogo aliolewa Abuku, tumbo."

"Poni alijua?"

"Poni ndiye alimuosha mama." Akaweka kisu chini. "Yule mutu ya dawa alimuuliza, kwenu iko mutu aliugua hivi? Yeye akasema hapana. Angesema nini, Yasiri? Sadiya alikuwa msichana nyumbani. Mutu gani atakuja kuoa kwa nyumba ya tumbo?"

"Na mimi nikasimama pale kaburini."

"Ulisimama. Ulisema ni watu ya hospitali. Sisi tulishukuru. Ulitubebea muzigo."

Kumbe mkono ule begani ulikuwa ahsante. Yasiri alipiga hatua mbili kumwendea, akageuka, akapiga mbili kurudi. Kwa miaka mitatu alikuwa amemchukia mtu mmoja kwa moyo wake wote, usiku na mchana, na chuki ile ilikuwa imemweka hai kama dawa. Sasa alikuwa anatakiwa aigawe, na hakujua aipime vipi. Yule mtu wa dawa aliuliza, kweli, lakini jibu la hapana likamtosha miaka miwili. Poni alificha. Ndugu zake walificha. Na yeye, mume, hakuwahi kuuliza. Alitaka kuupiga teke ule muhogo wote. Akatazama jua lilipofika.

"Margarita analalamika tumbo?" akauliza.

Natale akainuka. "Hiyo maneno usibebe kwa barabara, shemeji. Nakuomba. Jumamosi iko karibu."

Chai ilifika, hakuna aliyeinywa.

Koboko mjini alifika adhuhuri. Sadiya alikuwa kwenye cherehani yake, ndani ya kibanda cha mabati, mkanda wa kupimia shingoni. Alikuwa amepungua. Yasiri alishangaa jinsi macho yanavyoweza kukataa kuona. Mwezi uliopita alimtazama akadhani ni kazi nyingi.

Alimwambia ajiandae, kesho wanakwenda kumeza kamera. Sadiya akaendelea kukanyaga. Akasema alishapiga simu hospitali Jumatatu akawaambia haendi. Nafasi yake wamempa mtu mwingine. Nyingine ni baada ya miezi miwili.

"Tutakwenda hivyo hivyo," Yasiri akasema. "Tutakaa mlangoni."

"Baba, wewe ndiye ulisema ni wauaji."

"Nilisema."

"Mbele ya watu wote ulisema. Mimi nilikuwa nimeshika mkeka. Miaka mitatu nikiumwa hata kichwa naogopa kukuambia, nasema Baba atasimama tena ataje watu." Sauti yake haikupanda. Akakata uzi kwa meno. "Sasa leo kimebadilika nini?"

Hapo ndipo Yasiri alipokaa, kwenye gunia la vitambaa, na kumweleza habari za panya. Hakuzipanga vizuri. Alianza na chupa, akarudi kwenye damu, akasahau wale wa majivu, akawakumbuka. Alimweleza bibi yake, na dada za bibi yake, na mama yake aliyemuosha. Wateja wawili walifika wakaona nyuso zao wakajiondokea.

"Kwa hiyo Mama hakuuawa," Sadiya akasema.

"Damu ilifungua mlango," Yasiri akajibu. "Na yule mtu wa dawa aliona mlango iko wazi akapita. Mimi pia nilikuwa ndani ya nyumba. Nilikosea, Sadiya. Nilikukataza kwa hasira yangu, si kwa akili."

Baba yake hakuwahi kumwambia mtu neno hilo, na Sadiya aliona lilivyomtoka kwa shida, kama mfupa wa samaki. Akavua mkanda shingoni. Akauliza kama kamera inauma. Yasiri akasema hajui, panya hawamezi kamera.

Sadiya akacheka, kidogo, kisha akashika tumbo.

Alhamisi saa moja asubuhi walikuwa kwenye benchi la hospitali kubwa, Sadiya hajala tangu jana. Muuguzi akaitazama barua, akasema nafasi imeshatoka. Yasiri akasema wanajua. Saa tatu akawaambia waende nyumbani. Yasiri akasema nyumbani ni Koboko, ni mbali, watapumzika hapo hapo kwanza. Alisimama, akakaa, akasimama, akahesabu madirisha ya korido, mpaka mgonjwa mmoja akamwomba kwa jina la Mungu atulie. Saa saba muuguzi akatoka akauliza kama bado wapo. Mtu mmoja wa Yumbe hakuja.

Daktari wa kamera alikuwa kijana mwenye ndevu chache. Akamwekea Yasiri karatasi ya kutia saini kando ya jina la Sadiya, kama ndugu wa mgonjwa. Yasiri aliisoma yote, kidole kikifuata mistari, na pale asipoelewa aliuliza, na pale alipoelewa aliuliza pia. Akataka kuiona hiyo kamera. Muuguzi akaguna, lakini yule kijana aliileta mpaka mlangoni: mpira mrefu mweusi, mwembamba kama kidole, wenye taa mbele. Akamruhusu ashike. Yasiri aliugeuza huku na huku akitafuta kilichofichwa. Kisha akaandika jina lake, herufi moja moja, akamrudishia.

Hawakukaa hata nusu saa ndani. Yule kijana alitoka mwenyewe kumweleza. Uvimbe hakuuona. Tumbo limevimba ngozi ya ndani, sehemu moja karibu na mlango wa chini ina rangi asiyoipenda, na amekata vipande vitatu vidogo vya kupelekwa Kampala kupimwa. Majibu baada ya wiki mbili. Dawa za kuanza leo ni hizi. Halafu, akasema, kwa habari ulizonieleza za upande wa mama, hata majibu yakiwa mazuri huyu atarudi kila mwaka, na ndugu zake wa damu ile waje pia, hata asiyeumwa.

Kila mwaka. Yasiri alikuwa amekuja na masikio ya kusikia ndiyo au hapana, na amepewa kalenda.

Alimpigia Natale kutoka uwanjani. Natale aliposikia ni nini, alikata. Akapiga tena. Ikaita mpaka mwisho. Akapiga mara ya tatu, amesimama juani, shati limemganda mgongoni, na safari hii shemeji yake akapokea na kuanza kupayuka kuhusu Jumamosi, kuhusu heshima, kuhusu watu wanaotaka kuvunja nyumba za wenzao kwa maneno ya panya. Yasiri naye akaanza kupayuka. Watu wakageuka.

Sadiya alikuwa ametoka, kanga mabegani, anatembea taratibu. Akanyoosha mkono, akamchukua baba yake simu sikioni. Koo lake lilikuwa bado limekufa ganzi kwa dawa waliyompulizia na sauti ilimtoka nzito kama ya mzee.

"Mjomba, ni mimi, Sadiya. Nimeimeza... Hapana, haikuniua. Inachefua tu, halafu inapita." Akameza mate kwa tabu. "Jumamosi kuleni posa zenu. Jumatatu nitakuja kumchukua Margarita, nitakaa naye mimi. Mwambie Jumapili jioni asile kitu. Na avae blauzi isiyobana shingo."

Upande wa pili hapakusikika neno, ila kuku, na mtu anayetwanga kwa mbali. Yasiri alisogeza sikio karibu na la mtoto wake asikilize. Simu haikukatwa.